Mzee wa Kadi na Foleni Yake

Mzee wa kadi amekufa, na amefia katika foleni. Naandika sentensi hii, kisha naisoma tena, kwa sababu tangu Jumanne asubuhi imekataa kuingia kichwani. Nilikuwa nimeingia duka moja hapa Mukuyuni kununua mafuta ya taa, na mwenye duka, mama ambaye babu yake alifika huku kutoka pwani akiuza nguo, akanishika mkono kabla sijasema ninachotaka. "Mwalimu," akaniambia, "kwani hujasikia? Inna lillahi, yule mzee wa kadi wa hospitali ametutoka. Jana. Amekufa pale pale kwenye benchi, ameshika namba yake mkononi. Wanamwita haitiki, wakadhani amelala." Nilimwuliza ni mzee yupi, ingawa nilijua. Palikuwa na mzee wa kadi mmoja tu. Nilitoka dukani bila mafuta, nikasimama katikati ya barabara, na watu wa soko wakanizunguka kama wanavyomzunguka punda aliyegoma. Nimezika watu wengi, ndugu zangu, walimu wenzangu, hata wanafunzi wangu, na kifo si kigeni kwangu. Lakini mtu huyu kufa kwa kusubiri, katika foleni ya hospitali ile, ni jambo ambalo kama mwanafunzi angeniletea katika insha ningeandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba haliwezekani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda mnamkumbuka, maana niliwahi kumwandika katika safu hii hii, tena si kwa wema. Nitafika huko. Nikizungukazunguka kidogo msinihimize, kwa kuwa mahali panaponiuma ndipo tunapokwenda. Hospitali yetu ilianza miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi na sisi wa huku tukiwa bado chini ya Wilaya ya Machakos. Ilikuwa zahanati ya vyumba viwili. Kanisa lilimleta daktari, mgeni kutoka ng'ambo, na watu wakaleta nyumba ya kumweka. Walioijenga ni mwethya, vile vikundi vya akina mama wanaosaidiana kulima na kujenga, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakiimba. Walibeba mchanga kutoka mtoni kwa viondo, kamba kwenye kipaji cha uso, mgongo umepinda, na wanaume wakachoma matofali. Mama yangu alibeba. Mpaka anaondoka duniani alikuwa akipita pale anautazama ukuta wa mashariki na kusema ule ni wake. Baadaye kikaongezwa chumba cha kujifungulia, ikaja kliniki ya watoto na mzani wake unaoning'inia kama wa muuza nyama, ikaja maabara, yaani meza moja na darubini kando ya dirisha, na miaka ya themanini tukapata hata mashine ya kupiga picha za mifupa. Watu walitoka Kalamba, walitoka hapa Mukuyuni, na kiangazi Mto Athi ukipungua walivuka kutoka Kanyangi, upande wa Kitui, wamewabeba wagonjwa wao kwa vitanda vya kamba.

Marehemu alifika pale na punda wawili, kuwasaidia akina mama kubeba mchanga. Kuta zilipokwisha wengine walirudi makwao, yeye akabaki, akapewa ufagio. Hakuwa amesoma. Alijua kuandika jina lake na la Mkombozi, na alisema hayo mawili yanamtosha. Ninyi mnaosoma safu hii mkiwa mjini huenda msielewe upesi jinsi mfagiaji alivyokuja kuwa mtu wa pili kwa uzito baada ya daktari, kwa hiyo niwaeleze. Mito mingi ya huku kwetu ni mchanga mtupu, na maji tunayachimba. Kisima cha mchangani hutoa maji polepole, kata kwa kata, hivyo akina mama hupanga mitungi yao kwa mstari na kwenda kukaa kivulini. Mtungi husimama badala ya mwenyewe, na hakuna anayeuruka. Basi hospitali ilipofunguliwa watu walifanya walilolijua. Kila aliyefika aliweka kitu chake chini mlangoni, jiwe, fimbo, kiondo, hata kiatu kimoja, kisha akaenda kujilaza mahali penye ubaridi. Inasemekana daktari alipotoka asubuhi ya kwanza na kukuta mawe na vijiti vimejipanga mbele ya mlango wake, alidhani amerogwa. Halafu zikaanza kelele, maana jiwe ni jiwe, na kila mtu alidai la mbele ni lake. Mfagiaji ndiye aliyesimama katikati akasema hili ni la huyu, lile ni la yule, na hakukosea hata moja. Kuanzia wiki ile ufagio alipewa mtu mwingine.

Kisa cha kwanza alinisimulia mwenyewe. Mama mmoja aliyevuka mto alifika jua limeshapanda, akaweka jiwe lake mwisho kabisa, nyuma ya mawe thelathini na zaidi. Mgongoni alikuwa na mtoto. Watoto wengine wote walikuwa wakilia hadi masikio yanauma, huyu kimya. Mzee, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu, akamsogelea.

"Mama, hii mtoto iliacha kulia saa ngapi?"

"Tangu tuvuke mto," mama akajibu. "Amelala. Namshukuru Mungu."

Kijana akaliokota jiwe la yule mama, akaliweka kwenye ngazi ya mlango, mbele ya yote. Watu waliinuka. Mmoja akamwuliza kama siku hizi hospitali iko na milango miwili, mmoja wa watu na mmoja wa marafiki. Naye akawaambia, "Hizo zenu zinalia. Mwenye kulia ako na nguvu ya kulia. Hii haina." Mtoto yule alikuwa na surua iliyokuwa imeshafika kifuani, naye alipona. Mzee aliniambia pia kwamba wiki iliyofuata alimpandisha mtoto mwingine kwa namna ile ile, na huyo hakupona. Hakuwa mtu wa kukusimulia nusu ya hadithi inayompendeza.

Mawe yakaja kuwa kadi, na kadi zikawekwa katika sanduku la mbao kando ya mlango, lakini kazi yake ilibaki ile ile. Aliita majina kwa kufuata zamu, na kati ya jina na jina alitembea. Alianza mbele, akaenda hadi nyuma, akarudi, mikono mgongoni, kama mkulima anayekagua mahindi yake. Hakumwuliza mtu unaumwa nini, kwa sababu alisema mtu wa kwetu akiulizwa hujibu "ni kidogo tu" hata akiwa anakufa. Alitazama midomo, alitazama kifua kinavyopanda, na zaidi ya yote alitazama miguu. Wakati wa ile njaa ya miaka ya themanini, tulipokula mahindi ya manjano ya msaada, aliwatoa watoto katika foleni kwa kubonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba. Kidole kikiacha shimo, huo ni uvimbe wa njaa, na mtoto huyo anaingia sasa hivi. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mchungaji, kwa chifu wala kwa mke wake. Mtu hajipandishi. Ukija mbele ukasema wewe unaumwa kuliko wengine, unarudishwa mahali pako. Kupandishwa ni lazima upandishwe na mwingine, aliyekutazama. "Kila mtu akijipandisha," alisema, "mwenye mdomo mkubwa atapona na mwenye haya atakufa."

Sasa nifike kwangu. Miaka kadhaa baada ya njaa ile nilikwenda hospitalini asubuhi ya siku ya shule, kidole cha mkono wa kulia kimevimba usaha hata chaki siwezi kushika. Nilikuwa wa nne. Nilikuwa na gazeti, nilikuwa na haraka, na nilikuwa na ile imani ya walimu kwamba dunia nzima ina ratiba. Kadi yangu ilipokuwa inafuata, mzee akatoka kwenye ile mizunguko yake, akachomoa kadi ya bibi mmoja kutoka chini kabisa ya sanduku na kuiweka juu ya yangu. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa nyuma peke yake, kanga imemfunika hadi chini, ameshika mkononi kiatu kimoja cha akala, vile viatu vya mpira wa gurudumu. Nilidhani kimekatika. Hakuwa akilia, hakuwa akilalamika, tena alipopita mbele yangu akiegemea ukuta aliniamkia kwa heshima zote. Nilisimama.

"Kwani huyo ni ndugu yako?" nilimwuliza mzee, kwa sauti ile ninayoitumia kwa darasa la saba.

"Mwalimu," akasema, "njoo umwangalie."

Sikwenda. Nilikaa chini, nikafungua gazeti langu, na humo kichwani nikaanza kuandika. Wiki mbili baadaye mliyasoma maneno yangu hapa. Niliuliza ni nani aliyempa mfagiaji wa zamani mamlaka ya kuamua nani aishi kwanza. Nilisema upendeleo hauanzii wizarani, unaanzia katika sanduku la kadi. Nilisema wakati umefika wa namba, kila anayefika apewe namba yake na namba iheshimiwe, maana namba haina ukoo wala haina kanisa. Nilijipenda sana siku ile. Makala yalisomwa na kukatwa na kubandikwa, watu walinisimamisha barabarani kunipongeza, na kamati ya hospitali, ambayo ilikuwa imechoshwa na malalamiko ya wakubwa waliorudishwa nyuma na mzee, ikakaa na kuamua. Fundi akatengeneza vibao vya bati vyenye namba. Mzee akaambiwa awe anavigawa mlangoni, basi, na kwamba hakuna haja tena ya kutembeatembea. Alivigawa kwa utii hadi siku alipostaafu, amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Waliofanya kazi naye wanasema macho yake hayakuacha kwenda hadi mwisho wa foleni na kurudi.

Tulikutana sokoni baada ya hapo, mimi na yeye, na sikuwa na mahali pa kujificha. Alinisalimu vizuri, akaniulizia watu wa nyumbani, akaniulizia kidole. Kisha akasema, bila hasira yoyote ambayo ningeweza kuishika na kujitetea nayo, "Mwalimu, uliandika vizuri. Mwanangu alinisomea yote. Lakini hukuuliza mimi nilikuwa naangalia nini."

Nikamwuliza, wakati huo ndipo nikamwuliza, alikuwa akiangalia nini.

"Kiatu," akasema. "Ile kiatu haikukatika. Mguu ndio haikuingia."

Bibi yule alikuwa ameumwa na nyoka shambani jioni iliyotangulia. Aliona haya kufunua mguu wake mbele ya wanaume, na aliona ni ujeuri kuwaambia waliotangulia kwamba yeye anazidiwa. Alitembea usiku kucha na fimbo. Sista, muuguzi wa zamu, alipoifunua kanga, mguu ulikuwa umevimba na kuwa mweusi hadi juu ya goti. Alipoteza vidole viwili, akabaki na uhai. Mzee aliniambia pia kwamba bibi yule si wa ukoo wake, wala hakumjua kabla ya siku ile, lakini hilo alilisema kama mtu anayejibu swali la mwisho katika karatasi ambalo halina uzito. Kuuliza si ujinga. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaandikisha watoto ubaoni mwaka baada ya mwaka, na mimi mwenyewe nilikuwa hatua kumi kutoka kwa mguu ule, nimeitwa kwenda kuutazama, nikafungua gazeti. Niliona aibu. Nikamwahidi pale pale, tumesimama kando ya mafungu ya kunde, kwamba nitaandika tena na kusahihisha. "Ukipata nafasi, mwalimu," akasema. "Wewe uko na kazi mingi."

Nafasi niliipata, wasomaji wangu. Niliipata kila wiki. Niliandika juu ya mitihani, juu ya mabasi yanayotuacha mvua ikinyesha, juu ya wachungaji wanaopenda vipaza sauti, juu ya maembe ya rafiki yangu aliyejifanya mkulima, na mara mbili niliandika juu ya paka wangu. Kuhusu mzee wa kadi sikuandika neno. Sababu niliyojipa ni kwamba mambo yameshapita, na kwamba hata hivyo namba si mbaya. Sababu ya kweli ni kwamba makala yale yalikuwa yamenipa sifa, na mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine hapendi kushika kalamu nyekundu dhidi yake mwenyewe. Mzee akastaafu, akarudi kwake Kalamba kulima mbaazi. Wauguzi wa zamani nao wakastaafu au wakahamishwa. Hospitali ikajengewa jengo jipya la wagonjwa wa nje, lenye sakafu inayong'aa, mabenchi yaliyopangwa na dirisha la kioo, na kwenye dirisha hilo akaajiriwa binti mwenye sauti nzuri wa kuita namba. Nilipita pale nikaona jinsi mambo yalivyonyooka, na nikakiri moyoni kwamba nimechangia.

Tulimzika Ijumaa. Nilikwenda Kalamba nikiwa nimeandaa maneno ya rambirambi, na sikuyasema, maana mke wake alinishika pembeni kabla ya ibada kuanza, akanikalisha kwenye kigoda kando ya ghala lake. Ni mama mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alinieleza kwamba miguu ya mume wake ilianza kuvimba mwezi uliopita, akawa hawezi kulala chali kwa sababu pumzi inakatika. Jumatatu walipanda basi la kwanza. Viatu vyake vilikataa kuingia, akavaa ndara za mwanawe, ambazo ni kubwa, na hata hizo zilimbana. Walifika saa mbili, wakapewa kibao chao, wakaonyeshwa benchi la nyuma, nyuma ya nguzo.

"Nikamwambia, baba, waambie wewe ni nani," mama akasema. "Hawa watoto hawakujui. Waambie tu jina. Akakataa. Akasema mtu hajipandishi. Nikamwambia basi mimi nitakupandisha, mimi si ni mwingine? Akasema bibi ya mtu ni huyo mtu. Akasema, mimi leo ni namba sitini na moja, na sitini wako mbele yangu, na kila mmoja ako na bibi yake."

"Na hakuna aliyepita kuangalia?" nikauliza.

"Alikuwa anangojea mtu apite." Mama alinitazama, wala si kwa kunilaumu. "Hiyo ndiyo inaniuma, mwalimu. Macho yake yalikuwa hapo kwa mlango wa sista, anangojea mtu atoke aanze kutembea. Akasema sasa hivi watapita. Karibu saa sita nikaenda kumtafutia chai, nikidhani ni njaa. Niliporudi walikuwa wamefika namba sitini na tatu."

Nilitazama kaburi lililochimbwa, nikawatazama watu wa kanisa lake wakijipanga kuimba, na nikahisi kitu kama kofi. Mimi ndiye niliyeomba namba zile. Niliziomba kwa maandishi, kwa jina langu, na watu wakanipigia makofi. Nilitaka foleni isiyomjua mtu, na foleni ikafanya kama nilivyotaka, ikamtendea aliyeitunza karibu miaka thelathini kana kwamba haimjui. Sitaki mhariri anisafishie hilo.

Msinielewe vibaya, maana najua wapo watakaosema mwalimu amezeeka na anataka turudi kwenye mawe na vijiti. Sitaki. Bila namba mwenye gari angetangulia mbele ya mwenye miguu, na mwenye ndugu jikoni angekula kwanza. Mzee mwenyewe alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana alikuwa na sheria yake. Alikuwa na foleni, na ilikuwa kali. Lakini alijua kwamba foleni huonyesha nani alifika lini, na ugonjwa haujali ulifika lini, kwa hiyo ilihitaji mtu wa kuipitia. Sisi tulichukua nusu moja ya kazi yake, ile inayoweza kuandikwa kwenye bati, na nusu nyingine tukaiita upendeleo. Tulilijua hili zamani, kabla ya hospitali. Pale kisimani mitungi ilisimama kwa zamu, lakini mama yangu aliniambia kwamba akitokea mjamzito au aliyeacha mgonjwa nyumbani, wenzake walikuwa wakiinuka wenyewe na kuusogeza mtungi wake mbele, na yeye hakuruhusiwa kuugusa. Marehemu hakubuni kitu. Aliuleta ustaarabu wa kisimani hadi mlangoni pa daktari, na mimi, mwana wa mbeba mchanga, niliyesomeshwa na viondo vya mama yangu, nikauandikia barua ya kufukuzwa kazi.

Jumatatu hii nilikwenda hospitalini. Sikuwa mgonjwa, ila magoti, na hayo siyahesabu. Nilimkuta binti wa dirishani, macho mekundu, na kabla sijasema kitu akaanza kujitetea. "Niliita mara tatu, mwalimu. Sitini na moja, sitini na moja, sitini na moja. Tumeambiwa mtu asipoitika tunaenda mbele. Nilifuata namba. Sikujua ni nani, wallahi sikujua." Nikamwambia kosa si lake, na kwamba anayestahili kuulizwa amesimama mbele yake. Hakunielewa. Daktari kijana aliniambia kwamba moyo wa mzee ulikuwa umechoka, na kwamba kama angemfikia ile saa mbili angekuwa na la kujaribu. Alisema "kujaribu", hakusema kuponya, na nikamshukuru kwa kutonidanganya. Nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, nyuma ya nguzo. Ukikaa pale huonekani kutoka dirishani. Ukikaa pale unaona visogo vya watu wote, na hakuna anayegeuka.

Nilikaa kidogo, halafu nikainuka, nikaweka mikono mgongoni na kuanza kutembea kutoka mbele. Nilijiona mjinga. Watu walinitazama kama mzee aliyepoteza mbuzi. Sina macho ya marehemu, sikufundishwa kutazama midomo wala vifua, nimefundisha hesabu na Kiswahili maisha yangu yote. Lakini benchi la tano palikuwa na mwanamume wa makamo aliyejifunika koti zito, siku ambayo mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Alikuwa akitetemeka kimya kimya, meno yameumana, namba arobaini na nne mkononi. Walikuwa wameita kumi na tisa. Nikamwuliza anaendeleaje. "Ni kidogo tu, mzee," akasema. Nikakichukua kile kibao mkononi mwake, nikaenda nacho hadi dirishani na kukiweka mbele ya binti. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasimama. Alikuwa amevaa vizuri, ana gazeti, na ni wazi alikuwa na mahali pa kwenda.

"Mzee, wacha hiyo," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwani huyo ni ndugu yako?"

Nilijua jibu. Nilipewa zamani, katika hospitali hii hii, nikalikataa.

"Njoo umwangalie," nikamwambia.

Naye akaja. Alikunja gazeti lake, akaja, akainama, akamtazama yule mtu usoni, akaweka kiganja juu ya paji la uso wake na kukitoa upesi kama aliyegusa sufuria. Kisha akamshika bega upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukampeleka mlangoni kwa daktari. Kuja kutazama kulimchukua mwenye gazeti muda mfupi sana, pengine hatua kumi. Ndizo hatua nilizoshindwa kutembea mimi.

Haya basi ndiyo masahihisho niliyomwahidi mtu kando ya mafungu ya kunde, na yamefika yeye akiwa ameshafukiwa. Nilimshutumu kwa upendeleo, na sikuwa nimeona alichokiona. Naiomba kamati imtafute mtu wa kuitembelea foleni ile, na hadi atakapopatikana, nawaomba ninyi mnaokaa kwenye mabenchi. Ukipewa namba yako, kabla hujafungua gazeti, geuka utazame nyuma. Huko nyuma yupo mmoja asiyelia, aliyevua viatu, naye hawezi kujipandisha.